Sebastian Brant (1457–1521) na Merikebu ya Wapumbavu: Maisha ya Mwanasheria Aliyejipakia Chomboni

1.0 Utangulizi

Zipo taswira chache katika sanaa na fasihi ya Ulaya zilizodumu kama ile ya merikebu iliyosheheni watu waliovaa kofia zenye masikio ya punda na njuga, wakisafiri bila nahodha wala dira kuelekea nchi isiyokuwapo. Taswira hiyo ilienea baada ya kuchapishwa mjini Basel, mwaka 1494, kwa utungo mrefu wa Kijerumani uitwao Das Narrenschiff. Katika makala haya tutauita Merikebu ya Wapumbavu. Mtunzi wake, Sebastian Brant, alikuwa mwalimu wa sheria, mtu wa vitabu na baba wa watoto saba.

Wasomi wengi wa kizazi chetu walilikuta jina la Brant katika kazi ya Michel Foucault ya mwaka 1961 kuhusu historia ya wazimu. Foucault alidai kuwa merikebu hiyo haikuwa taswira tu, bali kwamba vilikuwapo vyombo halisi vilivyowachukua wendawazimu katika mito ya Ulaya, vikiwahamisha kutoka mji mmoja hadi mwingine. Wanahistoria waliomfuata wameuona ushahidi wa dai hilo kuwa dhaifu, na hapa hatutalifuatia. Lakini mjadala huo umekuwa na athari moja mbaya: umeifanya merikebu ijulikane zaidi kuliko mtu aliyeiunda. Nao wanaomtaja mtu mwenyewe aghalabu humwonyesha kama mhubiri mkali aliyesimama nchi kavu akiwanyoshea kidole waliomo chomboni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa sura hiyo ina kasoro. Anayeyafuatilia maisha ya Brant kwa utaratibu huona kuwa upumbavu mwingi alioupakia katika merikebu ile aliufahamu kutoka darasani kwake, mahakamani na juu ya meza yake ya kazi. Tunadai pia kuwa uamuzi wake wa kutunga kwa Kijerumani, ilhali Kilatini ndicho kilichompa jina na kipato, hautenganishiki na uamuzi wake wa kujihesabu miongoni mwa abiria.

2.0 Kutoka Strasbourg hadi Basel

Brant alizaliwa Strasbourg mwaka 1457. Wakati huo Strasbourg ulikuwa mji huru wa Dola Takatifu ya Kirumi, na wenyeji wake walisema lahaja ya Kijerumani cha Alsace. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Jambo hili si dogo kwa mtu atakayekuja kuandika juu ya walevi, wacheza kamari, wafanyabiashara wadanganyifu na mahujaji wasiofika waendako. Mtoto wa nyumba ya wageni husikia lahaja nyingi na uongo mwingi kabla hajajua kusoma. Baba alifariki mwaka 1468, mtoto akiwa bado mdogo.

Mwaka 1475 Brant alikwenda Basel, ambako chuo kikuu kilikuwa kimefunguliwa miaka 15 tu kabla yake, mwaka 1460. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1477, akaingia katika masomo ya sheria, na mwaka 1484 akapewa idhini ya kufundisha. Mwaka uliofuata alioa. Shahada ya udaktari wa sheria zote mbili, yaani sheria ya kanisa na sheria ya dola, aliipata mwaka 1489, na mwaka 1492 alikuwa mkuu wa kitivo cha sheria. Pamoja na sheria alifundisha ushairi wa Kilatini. Kitabu chake cha kuwaelekeza wanafunzi wa sheria, kilichotoka mwaka 1490, kilichapwa tena na tena, nacho ni kitabu kikavu kabisa. Atakayekisoma akitafuta dalili ya mcheshi wa mwaka 1494 hataiona.

Kilichombadilisha Brant, kwa maoni yetu, hakikuwa chuo kikuu bali viwanda vya uchapaji. Basel ya miaka ya 1480 na 1490 ilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya uchapaji barani Ulaya. Johannes Amerbach, Johannes Petri na Johannes Froben walifanya kazi zao huko. Brant aliwahudumia wachapaji hao kwa miaka mingi. Alihariri matini, akasahihisha kurasa za majaribio, akatunga mashairi ya kufungulia vitabu vya watu wengine, na akasimamia maandishi ya sheria za kanisa, ya mababa wa kanisa na ya Petrarka, ambaye kazi zake za Kilatini zilitoka kwa Amerbach mwaka 1496. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu aliyezungukwa na vitabu kupita kiasi cha kuvisoma vyote. Msomaji na alikumbuke hilo tutakapomfikia abiria wa kwanza wa merikebu.

3.0 Jiwe kutoka mbinguni na karatasi za sokoni

Tarehe 7 Novemba 1492 kimondo kilianguka katika shamba karibu na Ensisheim, mji mdogo wa Alsace ulio kaskazini mwa Basel. Kilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 127, na sehemu yake kubwa iliyobaki ingali inahifadhiwa katika mji huo. Brant hakukawia. Alitoa karatasi moja iliyochapwa upande mmoja, yenye picha ya tukio na beti za Kilatini na za Kijerumani, akilifasiri jiwe lile kuwa ishara njema kwa Mfalme Maximilian dhidi ya Wafaransa.

Karatasi za namna hii ziliuzwa sokoni na malangoni mwa makanisa. Mwenye elimu alisoma Kilatini, mwenye elimu kidogo alisoma Kijerumani au akasomewa, na asiyejua kusoma aliitazama picha. Brant alitoa kadhaa: juu ya pacha walioungana waliozaliwa karibu na Worms mwaka 1495, juu ya nguruwe wa ajabu wa Landser mwaka 1496, na mwaka huohuo alitunga shairi la Kilatini juu ya ugonjwa mpya wa kaswende. Kila mara alitafuta ndani ya tukio ujumbe kwa Maximilian na kwa Dola.

Mtafiti wa leo hushawishika kuzipita karatasi hizi haraka, kwa kuwa unajimu wake na siasa zake vimepitwa na wakati. Kufanya hivyo ni kosa. Hapo ndipo daktari huyu wa sheria alipojifunza kuiunganisha picha, ubeti mfupi na lugha ya nyumbani katika ukurasa mmoja. Mpangilio wa Merikebu ya Wapumbavu ni uleule: juu mistari michache ya kutangulia, chini yake picha iliyochongwa kwenye ubao, kisha beti. Jambo la pili ni la kejeli zaidi. Katika Merikebu hiyohiyo iko sura inayowacheka watu wanaosoma mambo yajayo katika nyota na katika kila tukio lisilo la kawaida. Aliyeiandika ndiye aliyekuwa ameliuza jiwe la Ensisheim kama barua kutoka mbinguni miezi isiyofika 16 kabla yake.

4.0 Merikebu na abiria wake

Kitabu kilitoka wakati wa sikukuu ya kanivali ya mwaka 1494, siku ambazo watu wa Basel walivaa vinyago na mavazi ya kipumbavu kabla ya kuingia katika mfungo wa Kwaresima. Mchapaji alikuwa Johann Bergmann von Olpe, kasisi mwenye mali na rafiki wa Brant. Utungo una sura 112 na mistari ipatayo 7,000, yote ikiwa katika vina vya mistari miwili miwili yenye mizani nane au tisa. Karibu kila sura ina picha yake. Wataalamu wengi wa sanaa huamini kuwa sehemu kubwa ya picha hizo, pengine theluthi mbili, zilichorwa na Albrecht Dürer, ambaye alikuwa Basel akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Hakuna hadithi inayoiunganisha kazi hii mwanzo hadi mwisho. Hata merikebu yenyewe husahauliwa kwa kurasa nyingi, ikatokea tena kwa ghafula pale mtunzi anapoikumbuka. Kuna wazee wasioacha mambo ya ujana, wazazi wasiowalea watoto wao, wagonjwa wasiofuata amri ya tabibu, wanaoleta mbwa na kipanga kanisani, wanaojenga bila kuhesabu gharama, wanaokopesha kwa riba, wanaoimba usiku chini ya madirisha ya wanawake. Iko sura ya ombaomba ambayo mwanaisimu hapaswi kuipita: Brant aliingiza ndani yake maneno ya lugha ya siri ya ombaomba na wezi, lugha waliyoisema watu wa mtaa wa Kohlenberg mjini Basel. Ni nadra kwa profesa wa sheria wa karne ya 15 kusikiliza kwa makini namna hiyo.

Abiria wa kwanza ni mwenye vitabu. Pichani ameketi amezungukwa na majuzuu, amevaa miwani na kofia ya kipumbavu, mkononi ana usinga wa kufukuzia nzi. Anajieleza kwa nafsi ya kwanza: anavyo vitabu vingi, anaviheshimu sana, anavipangusa vumbi, lakini hafahamu mengi yaliyomo. Anasema pia kuwa anaweza kuitwa daktari na kuyaficha masikio yake chini ya kofia ya usomi. Wahakiki wameieleza sura hii kama dhihaka kwa wasomi wa bandia. Sisi tunauliza: katika mji wa Basel, mwaka 1494, ni nani aliyekuwa na vitabu vingi zaidi mezani, vingi vyavyo akivipitia kwa haraka ili mchapaji asicheleweshwe? Mtunzi alikuwa na aina zaidi ya mia za upumbavu za kuchagua. Alianza na ile iliyofanana na yeye, na akaipa nafsi ya kwanza.

Sura ya 71 inawahusu watu wanaokimbilia mahakamani kwa kila jambo dogo. Katika picha yake Haki, mwanamke mwenye upanga na mizani, ameketi. Nyuma yake mpumbavu anamfunga kitambaa machoni. Hiyo ndiyo picha ya zamani kuliko zote, miongoni mwa zinazojulikana, inayomwonyesha Haki akiwa amefungwa macho. Maana yake pale ni tusi. Haki aliyezibwa macho haoni ukweli, na aliyemziba ni mpumbavu, akisaidiwa na mawakili wanaorefusha kesi. Katika karne ya 16 ishara hiyo iligeuka. Katika chemchemi ya Haki iliyojengwa Bern mwaka 1543 mwanamke huyo anasimama na kitambaa chake kwa fahari, sasa kikimaanisha kuwa hatazami sura ya mtu, tajiri au maskini. Leo sanamu hiyo iko mbele ya mahakama katika nchi nyingi za dunia, na wanaopita chini yake hawajui kuwa kitambaa kile kilifungwa kwanza na mpumbavu. Wanaofundisha semantiki watakubali kuwa si rahisi kupata mfano bora wa ishara iliyobaki na umbo lake lote huku maana yake ikipinduliwa. Na hapa tena mlengwa wa karibu alikuwa mtunzi mwenyewe, aliyeishi kwa sheria na aliyewafundisha mawakili hao.

Mfano wa tatu uko katika sura ya 66, inayowacheka wanaotaka kuipima dunia yote wakati hawajijui wenyewe. Humo Brant anataja visiwa vyenye dhahabu na watu walio uchi vilivyopatikana karibuni na mabaharia wa Mfalme wa Hispania. Ni mojawapo ya kumbukumbu za mwanzo kabisa za safari ya Columbus katika fasihi ya Kijerumani. Lakini Bergmann, mchapaji yuleyule, alikuwa ameitoa barua ya Columbus kwa Kilatini, na katika toleo la mwaka 1494 Brant alitunga beti za kumsifu Mfalme Ferdinand. Mkono mmoja ulisifu uvumbuzi kwa Kilatini, mwingine uliuweka miongoni mwa upumbavu kwa Kijerumani.

Mtu anaweza kusema kuwa huo ni unafiki. Tungelikubali, lau si sura ya 111. Humo mtunzi anaomba radhi kwa kazi yake, anajitaja kwa jina na kwa cheo cha mpumbavu, na anakiri kuwa kila anapoitikisa kofia ile haikubali kumtoka kabisa. Sura ya mwisho, ya 112, inamwonyesha mtu mwenye hekima, aliyenakiliwa kutoka katika shairi la Kilatini ambalo wakati huo lilidhaniwa kuwa la Virgili. Mtu huyo hana jina wala makazi. Ni dhahiri kuwa Brant hakumpata Basel.

5.0 Suala la lugha

Neno Narr la Kijerumani linamsumbua mfasiri wa Kiswahili, na usumbufu huo una faida. Mwandishi wa makala haya amewahi kuwapa wanafunzi wa uzamili zoezi la kulitafutia kisawe, na darasa halikufikia mwafaka. Mjinga hafai sana, kwa sababu ujinga ni kutojua, na asiyejua anaweza kufundishwa. Abiria wa Brant wengi wanajua. Mwendawazimu hafai kwa kuwa hana hatia. Juha, neno lililotokana na jina la mhusika wa ngano za Kiarabu, lina ucheshi unaotakiwa, lakini juha wetu hupendwa, tena mara nyingine hushinda. Tumechagua mpumbavu, neno lenye lawama ndani yake, kwa sababu Narr wa Brant ni mtu aliyepewa akili na akakataa kuitumia kujitazama. Kilichopotea ni maana nyingine ya neno hilo, yaani mchekeshaji wa ikulu na wa kanivali, anayevaa njuga kwa malipo. Kwa msomaji wa Basel maana zote mbili zilisikika kwa pamoja, na kwa hiyo mtunzi anapojiita Narr anakiri kosa na wakati huohuo anatangaza kazi yake.

Mwaka 1494 Brant alikuwa akijulikana kama mtunzi wa Kilatini. Diwani ya mashairi yake ya lugha hiyo ilitoka mwaka 1498. Kijerumani hakikumwongezea heshima chuoni. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka masheikh wa Lamu na Pate ambao, wakiwa wamebobea katika Kiarabu, walitunga tenzi kwa Kiswahili ili waeleweke na wasiokijua Kiarabu. Kulingana huko kunaishia njiani, kwa sababu Brant hakuwa na haja ya kufundisha dini tu. Alitaka wasomaji wacheke, na mtu hucheka upesi zaidi kwa lugha aliyolelewa nayo. Kijerumani chake ni cha Alsace, chenye irabu ndefu za kale: wakati aliandika zyt na nyumba aliandika hus, pale ambapo Kijerumani sanifu cha baadaye kina Zeit na Haus. Methali zimejaa kila ukurasa, na nyingi hazikuwa na chanzo cha kitabuni.

Ushindi ulikuwa wa mara moja, na pamoja nao wizi. Katika mwaka uleule wa 1494 wachapaji wa Nürnberg, Reutlingen na Augsburg walikitoa kitabu bila idhini yake, na huko kwao Strasbourg kilitoka toleo lililoingizwa maelfu ya mistari isiyo yake. Nje ya Alsace wachapaji waliibadilisha pia lugha ili ifanane na ya wateja wao. Brant alijibu katika toleo la mwaka 1499 kwa kuweka beti za malalamiko, akieleza kuwa mistari mingine ilikatwa, mingine ikaongezwa, na mizani ikaharibiwa. Hasira yake si ya mapato tu. Ni ya mtunzi aliyehesabu silabi moja moja.

Hatua iliyoipeleka Merikebu Ulaya nzima ilikuwa tafsiri ya Kilatini ya mwanafunzi wake Jakob Locher, iliyotoka Machi 1497 kwa Bergmann yuleyule. Kutokana na Locher ndipo zikapatikana tafsiri ya Kifaransa ya Pierre Rivière mwaka huohuo na ile ya Kiingereza ya Alexander Barclay mwaka 1509, ambaye aliongeza wapumbavu wa jirani yake, Ottery St Mary, katika jimbo la Devon. Brant alishiriki katika toleo la Kilatini na kuliunga mkono, akiweka pambizoni marejeo ya Biblia, ya sheria na ya washairi wa kale. Hata hivyo Locher alifupisha, akazipunguza methali na kuwaleta miungu na mashujaa wa Kirumi. Merikebu iliyofika Paris na London ilikuwa imeoshwa harufu ya soko. Kwamba Brant aliliridhia jambo hili, wakati aliwalaani wachapaji wa Augsburg kwa mabadiliko madogo kuliko hayo, ni swali ambalo waandishi wa maisha yake hawajalipa uzito unaostahili. Sisi tunaona kuwa alizihesabu kuwa kazi mbili: ya Kilatini ilikuwa ya wenzake, ya Kijerumani ilikuwa yake.

6.0 Kurudi nyumbani

Mwaka 1499 vita kati ya Maximilian na Shirikisho la Uswisi vilimalizika kwa amani iliyotiwa saini Basel, na mwaka 1501 mji huo ulijiunga na Shirikisho. Kwa Brant, aliyekuwa ametumia miaka kumi akitunga beti za kuwataka Wajerumani wamfuate mfalme wao, mambo yalikuwa yamekwenda kinyume. Rafiki yake Johann Geiler von Kaysersberg, mhubiri wa kanisa kuu la Strasbourg, alikuwa tayari ameanza mwaka 1498 kuhubiri mfululizo wa mahubiri juu ya Merikebu ya Wapumbavu, akiichukua sura moja baada ya nyingine kama mtu anayefasiri maandiko matakatifu. Ndiye aliyempendekeza Brant kwa baraza la mji. Brant aliajiriwa kuwa mshauri wa sheria, na mwaka 1503 akawa mwandishi mkuu wa mji, cheo alichokishika mpaka kufa.

Miaka ishirini ya Strasbourg haina kazi ya kulinganishwa na Merikebu. Alihariri toleo la Virgili la mwaka 1502 lenye picha zaidi ya 200, akaitoa upya kazi ya Freidank, mtunzi wa hekima wa karne ya 13, akasimamia vitabu viwili vya sheria kwa Kijerumani, kimoja mwaka 1509 na kingine mwaka 1516. Hivi viwili husahauliwa, lakini vina uzito: vilikusudiwa kwa waamuzi na makarani wasiosoma Kilatini. Aliyewacheka wanaomziba macho Haki alitumia umri wake wa baadaye kuwapa mahakimu wa miji midogo kitabu wanachoweza kukisoma. Kwa mji aliandika barua, mikataba na kumbukumbu za matukio. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo iliteketea mwaka 1870 maktaba ya Strasbourg ilipoungua kwa mizinga ya Waprusia.

Wengine waliichukua merikebu wakaendelea nayo. Mtawa Thomas Murner, mwenyeji wa Alsace, alitoa mwaka 1512 kitabu cha kuwapunga wapumbavu kama mashetani, akitumia picha zilezile za Basel. Erasmus, ambaye Brant alikuwa miongoni mwa waliompokea Strasbourg mwaka 1514, alikuwa amechapisha mwaka 1511 kazi yake ya Kilatini ambamo Upumbavu mwenyewe anapanda jukwaani na kujisifu. Katika nakala moja ya toleo la Basel la mwaka 1515 kijana Hans Holbein alichora vikaragosi pambizoni. Kazi ya Erasmus ina akili kali kuliko ya Brant, hilo halina ubishi. Lakini karani wa soko la samaki hakuweza kuisoma.

Mwaka 1520, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, Brant aliongoza ujumbe wa mji kwenda Ghent kumwona mfalme mpya, Karl V, ili haki za Strasbourg zithibitishwe. Alifariki tarehe 10 Mei 1521. Siku sita kabla yake Martin Luther alikuwa amefikishwa kwa siri katika ngome ya Wartburg, na kabla ya mwaka kwisha alianza kulitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Tafsiri hiyo ilitoka Septemba 1522. Mjini Basel mchapaji Adam Petri, wa ukoo uleule wa wachapaji ambao Brant aliwahi kuwahudumia, aliitoa upya, na mwaka 1523 alilazimika kuiwekea orodha ya maneno, kwa sababu wasomaji wa Basel, watoto na wajukuu wa watu waliocheka na Merikebu bila msaada wa mtu yeyote, hawakuyafahamu maneno mengi ya Luther.